Mpishi wa Nzi

Kwa miaka kumi na tisa alipikia watoto wa shule, na kwa miaka kumi na mmoja iliyofuata akapikia nzi. Akiulizwa wepi walikuwa na adabu zaidi, hakufikiri mara mbili. "Nzi," alisema. "Nzi hajawahi kunirudishia sahani."

Nzi wenyewe ni wale wadogo wenye macho mekundu, wanaozuka jikoni ndizi ikipitiliza kuiva, ukabaki kujiuliza wametokea wapi. Katika maabara ya chuo walifugwa kwa maelfu, kwenye vichupa vya kioo vilivyozibwa kwa pamba, kila kichupa na ukoo wake. Chini ya kila kichupa palikuwa na uji ulioganda, wa rangi ya kahawia, unene wa vidole viwili. Uji huo ndio uliokuwa kazi yake. Kila Jumatatu na Alhamisi aliinjika sufuria kubwa, akatia unga wa mahindi, sukari, hamira, na unga wa mwani wa kuugandisha. Ukishapoa kidogo alitia dawa ya kuzuia ukungu, kisha akaumimina kwenye vichupa elfu moja na mia mbili, akavibandika tarehe, akavipeleka chumba cha baridi. Kuanzia profesa mpaka bawabu, wote walimwita Mama Uji, na yeye aliitika.

Miaka ya mwanzo alikuwa akicheka chini chini. Watu wazima na digrii zao, kutwa nzima wameinamia hadubini wakipanga nzi kwa brashi ya rangi, hawa majike, hawa madume! Aliyemtoa tongotongo alikuwa binti mmoja wa shahada ya uzamivu, jina la utani Miwani, kwa sababu kila siku alizunguka maabara nzima akiitafuta miwani yake, nayo imemkalia utosini. Siku moja Miwani alimkuta Mama Uji amesimama mlangoni mwa chumba cha mafunzo, ndoo mkononi, anachungulia.

"Ingia, mama, hawaumi."

Akamwonyesha. Nzi mia moja waliwekwa ndani ya mrija wenye nyuzi za shaba ndani yake. Wakapulizwa harufu ya kwanza kwa dakika moja, na wakati huohuo wakapigwa shoti ndogo ndogo za umeme. Kisha ikapulizwa harufu ya pili, bila shoti. Baadaye wakapelekwa kwenye njia panda, huku harufu ya kwanza, kule ya pili, wachague wenyewe.

"Wanaokumbuka wanaikimbia ile ya shoti," alisema Miwani. "Tunawahesabu. Tunawajaribu tena baada ya siku nzima, tuone nani bado anakumbuka."

"Nzi anakumbuka jambo siku nzima?"

"Wewe ukipigwa shoti na pasi, utaisahau kesho?"

Mama Uji alicheka. Kisha akaonyesha kwa kidole vichupa vilivyozibwa kwa pamba ya njano. "Na hawa mbona wametengwa?"

"Hao tumewaharibu jeni moja. Jeni ni kama agizo analorithi kiumbe kwa wazazi wake, la kuujenga mwili na kuuendesha. Tunaliharibu agizo moja, halafu tunaangalia kimepungua nini. Kama vile ukitoa waya mmoja kwenye redio ili ujue ulikuwa na kazi gani."

"Na redio ikinyamaza?"

"Hapo ndipo tunapoanza kujua."

"Na sisi watu tunayo hiyo jeni?"

"Tunayo inayofanana nayo."

 Mama Uji alichukua ndoo yake akaenda zake jikoni, na siku ile Miwani alidhani amemchosha kwa maneno mengi.

Hakujua habari za mama yake Mama Uji. Mwanamke yule, katika ujana wake, hakuhitaji hata kuandika kitu. Siku za kuzaliwa za ukoo mzima, vipimo vya nguo za majirani, nani alimkosea nani mwaka gani, vyote alikuwa navyo kichwani. Alipofika miaka hamsini na minane akaanza kusahau chumvi. Chakula kinaletwa mezani, kila mtu anakula kimya, anaogopa kuwa wa kwanza kusema. Baadaye ikawa chumvi mara tatu kwenye chungu kimoja. Mwisho wake alimwita binti yake huyu "dada", akimsihi ampeleke nyumbani kwao, na huku wameketi humo humo nyumbani. Mama Uji alimwogesha na kumlisha kwa miaka sita. Ndiyo maana, mwaka alioanza kumsogelea Miwani na kumuuliza maswali, naye mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na saba, kila alipopoteza ufunguo moyo ulimpiga pa!

Mwaka huohuo stoo ya maabara ilipakwa rangi. Mafundi walihamisha kila kitu, wakakirudisha walivyoona wao inafaa. Unga na sukari vilirudi kwenye rafu za zamani, lakini pipa la hamira likawekwa kabatini karibu na mlango. Mama Uji aliguna, akazoea. Au alidhani amezoea.

Miezi miwili baadaye Miwani aliingia jikoni anakimbia, miwani safari hii iko puani, akamkumbatia mpishi pamoja na mwiko wake. Nzi wake wa pamba ya njano walikuwa wamesahau. Jioni wanajifunza vizuri kabisa, kesho yake hawana habari, wanaiendea harufu ya shoti kama walioalikwa. Nzi wa pamba nyeupe, wale wa kawaida ambao jeni yao haikuguswa, walikumbuka siku zote mbili, jana na leo. Kwa miaka mitatu binti yule alikuwa ameitafuta tofauti ya namna hiyo. Profesa alileta soda na biskuti, Mama Uji naye akaitwa, akapewa kiti.

"Huyu ndiye anayewalisha," alisema Miwani. "Bila yeye hakuna nzi, na bila nzi hakuna mimi."

Jumatatu iliyofuata Mama Uji alifungua kabati la hamira ateke, na mkono ukaishia njiani. Pipa lile, yeye alilijua. Huisha wiki nane, siku mbili mbele au siku mbili nyuma. Hili alilifungua mafundi walipoondoka, yaani wiki nane zilizopita, nalo lilikuwa bado na zaidi ya robo. Alisimama akikokotoa kwa vidole. Akarudia. Kuna sufuria hakuzitia hamira, na si moja wala mbili.

Akakumbuka kwamba kuna siku uji ulitoka mweupe mweupe, akausingizia unga mpya.

Siku ile alipika kama mtu anayevuka mto kwenye gogo. Alitia hamira, akaangalia, akaangalia tena. Hakumwambia mtu. Jumanne nayo ikapita. Alimwona Miwani akichora michoro yake kwenye kompyuta, anaimba, akarudi jikoni na neno lake. Kwa nini aseme? Nani angejua? Na akisema, je, si ndiyo anatangaza mwenyewe kwamba yaliyompata mama yake yamemfikia?

Jumatano jioni alimweleza binti yake, fundi cherehani aliyeishi naye nyumba moja. Binti aliendelea kupiga pasi kola.

"Ungependa nikwambie kwamba si kitu," alisema mwishowe.

"Ningependa sana."

"Mama, mimi nimekuwa nikirudi kufunga gesi baada yako. Mara tatu tangu mwezi uliopita."

Mama Uji alikaa kitini. "Na hukuniambia?"

"Nilifanya kama tulivyofanya kwa bibi. Nilikula kimya."

Basi wakakaa pale, mama na binti, pasi ikapoa yenyewe. Walikubaliana mawili. Mama Uji atasema kazini kesho asubuhi, na wiki ijayo wataenda kwa daktari pamoja.

Alhamisi alimkuta Miwani amejiinamia mezani anaandika. "Mwanangu, nina neno."

Alisema lote bila kupumzika, kuanzia rangi ya stoo hadi pipa. Miwani aliweka kalamu chini. Kila asiyejua kazi ile angeona ni jambo dogo, uji umekosa hamira. Lakini hamira ndiyo nyama ya nzi. Nzi anayekula sukari tupu anaishi, anaruka, ila hana akiba mwilini, na kukumbuka jambo kwa siku nzima kunakula akiba.

"Sufuria ngapi?" aliuliza Miwani.

"Nne. Labda tano."

"Zipi?"

"Hapo ndipo sijui."

"Mama, una kazi moja tu! Moja!" Sauti ilipaa mpaka watu wa chumba cha pili wakanyamaza. "Mimi nina miaka mitatu hapa!"

Mama Uji hakujitetea. Alisimama tu, mikono kwenye aproni. Miwani alitoka nje, akakaa kwenye ngazi muda wa kutosha chai kupoa. Aliporudi macho yalikuwa mekundu kama ya nzi wake, na sauti imeshuka.

"Nisamehe, mama. Ungeweza kunyamaza."

"Nilinyamaza siku tatu," alisema Mama Uji. "Usinipambe."

Kisha mpishi akatoa wazo. Katika chumba cha baridi kulikuwa na vichupa vya kila tarehe, vile vilivyobaki bila kutumiwa. Wakavitoa vyote, wakavipanga dirishani penye mwanga, tarehe baada ya tarehe. Miwani aliviona sawa vyote. Mama Uji alivipitia kimoja kimoja, anazibua pamba, ananusa, anainua kwenye mwanga, anaweka kulia au kushoto. Huu una hamira. Huu una. Huu hauna, angalia, mweupe kama karatasi iliyolowa. Alipomaliza zilikuwa tarehe tano upande wa kushoto. Kumbukumbu yake haikuweza kuzitaja, lakini pua na macho vilizijua.

Miwani alileta daftari lake la majaribio. Alisoma tarehe, akatazama vichupa, akasoma tena. Majaribio yote yale ya furaha, yaliyoletewa soda na biskuti, nzi wake walikuwa wamelishwa uji wa kushoto. Na yale mengine, ambayo nzi wa njano walikumbuka kama wenzao, ambayo yeye aliyaandikia pembeni "siku mbaya" na kuyaweka kando, yalikuwa ya uji wa kulia.

"Nimekwisha," alisema Miwani.

"Ngoja," alisema Mama Uji. Alikuwa ameshika vichupa viwili, cha njano na cheupe. "Hawa na hawa walikula sufuria moja?"

"Sufuria moja, ndiyo. Lazima wale sawa."

"Sasa mbona hawa weupe hawakusahau? Si nao walikosa hamira?"

 Miwani alivua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa. Kisha akaenda kumwita profesa, na safari hii hakukimbia.

Profesa alikuwa mtu wa maneno machache. Alivitazama vichupa, akalitazama daftari, akamtazama mpishi. Aliwatangazia watu wote wa maabara kwamba majaribio ya miezi miwili yarudiwe, na wapo walionung'unika, na mmoja akaacha kumsalimia Mama Uji kwa mwezi mzima. Kwa Miwani aliagiza jaribio jipya. Nzi wa njano na nzi weupe, kila kundi ligawanywe mara mbili, nusu wapewe uji kamili na nusu uji usio na hamira. Na Miwani asijue upi ni upi mpaka mwisho, asije akaona anachotamani kukiona. Sufuria ziitwe tu Jua na Mwezi, siri akae nayo mpishi.

"Mimi?" alisema Mama Uji. "Profesa, watu wote humu, siri ya kukumbuka mnipe mimi?"

Profesa alicheka, mara ya kwanza kwa muda mrefu. "Utaiandika, mama. Tutaitia kwenye bahasha, tuifungie kwenye kabati langu. Hata mimi sijiamini."

Na hapo ndipo alipopata taabu asiyoitazamia. Kupika uji mbovu kwa makusudi! Mkono ulikataa. Sufuria ya kwanza aliinyima hamira, akaenda dirishani, akarudi, akajikuta ameshika kijiko cha hamira. Ilibidi pipa lipelekwe chumba kingine. Kwa sufuria ile nyingine alijitengenezea ubao wenye misumari sita, na kwa kila alichotia alihamisha kizibo cha chupa kutoka msumari mmoja kwenda wa chini yake. Wenzake walidhani ni mchezo. Wiki mbili baadaye Miwani naye alionekana na ubao wake mdogo, wa kuhesabia mirija.

Kwa daktari walienda kama walivyokubaliana. Daktari, mama mmoja mpole mwenye mwandiko mkubwa, alimpa maneno matano ayashike, akamzungumzisha habari za kazi, kisha akayaulizia. Alitoa matatu. Alichora saa vizuri, akahesabu kurudi nyuma bila kukosea. Alipimwa damu, ikaonekana amepungukiwa na vitu viwili vitatu, akaandikiwa vidonge.

"Kuna kuteleza kidogo," alisema daktari. "Inaweza kuwa umri, inaweza kuwa upungufu huu, inaweza kuwa mwanzo wa kitu. Leo siwezi kukwambia ni ugonjwa, na siwezi kukwambia si ugonjwa. Rudi baada ya mwaka."

"Mwaka mzima nikae hivi hivi?"

"Ufanye kazi, ulale vizuri, uzungumze na watu. Na gesi afunge mwingine."

Alimsimulia Miwani hayo, na habari za mama yake, siku moja wakiziba vichupa pamoja. "Nikuulize, mwanangu. Ile ya mama yangu, mimi nimeibeba?"

Miwani aliweka pamba chini. "Sijui, mama. Nzi si watu, nisikudanganye. Kuna jeni ambazo mtu akiwa nazo hakuna anachoweza kufanya, ingawa ni chache. Na kuna nyingine, nyingi, zinazosubiri mambo mengine yatokee. Kuna vipimo, wanaweza kukuangalia ukitaka."

Mama Uji alifikiri wiki nzima. Alifikiri jikoni, alifikiri kwenye foleni ya maji, alifikiri akiwa amekaa na binti yake. Akaamua hatapima. Si kwa woga, alimwambia binti, au si kwa woga peke yake. Ni kwamba akiisha kujua, kila ufunguo atakaoupoteza utakuwa na jina, na yeye alitaka kuendelea kupoteza funguo kama watu wengine. Binti hakuafiki, akalisema hilo waziwazi, na yalibaki hivyo, kila mmoja na msimamo wake.

Jaribio lilichukua miezi saba. Nzi walifunzwa na kuhesabiwa mara kumi na mbili. Siku ya kufungua bahasha walijaa ofisini kwa profesa, na Miwani, aliyekwisha kuchora michoro yake ya Jua na Mwezi, alikuwa ameikumbatia kompyuta yake. Profesa alisoma mwandiko wa mpishi: Jua, uji kamili. Mwezi, bila hamira.

Ilikuwa hivi. Nzi weupe walikumbuka, wakishiba au wasishibe. Nzi wa njano waliokula uji kamili walikumbuka karibu sawa na wenzao. Ni wa njano waliokula uji wa Mwezi peke yao ndio waliosahau. Jeni ile haikuwa jeni ya kukumbuka, kama Miwani alivyodhani mwanzoni. Kazi yake ilikuwa kuilinda kumbukumbu wakati wa dhiki, na siku za shibe haikuonekana ina kazi gani.

"Hiki ni kikubwa kuliko kile cha kwanza," alisema profesa, kwa sauti ileile ya kuagiza mirija.

Miwani alilia, akacheka, akaitafuta miwani yake. Siku alipoitetea tasnifu yake mbele ya jopo, mmoja wa wataalamu alimuuliza alipataje wazo la kupima chakula. Miwani angeweza kujibu kwa lugha ya vitabu. Alisema, "Mpishi wetu alikosea, akaja kuniambia. Mimi nilimpigia kelele. Kisha akaniuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza mwenyewe." Watu waligeuka kumtafuta. Mama Uji, aliyeketi safu ya nyuma na binti yake, aliangalia dari kama anayekagua kama inavuja.

Miwani alienda kufanya kazi chuo kingine, mbali, na huwa anapiga simu. Maabara iliajiri mpishi wa pili, mwanamke aliyetoka kupikia wagonjwa hospitali, ambaye wiki ya kwanza hakuweza kunywa chai humo ndani kwa kuona kinyaa. Mama Uji alimfundisha vipimo vyote, na wakawa wanapika kwa zamu, mmoja akitia na mwingine akitazama.

Mwaka ulipotimia alirudi kwa daktari. Maneno matano, akatoa matatu. Daktari aliandika kwa mwandiko wake mkubwa, akasema hali haijasogea mbele wala nyuma, waonane tena mwakani. Walitoka, yeye na binti, wakasimama kivulini mwa jengo wakisubiri jua lipungue makali. Barabarani watu walikuwa wakienda na shughuli zao.

"Unaogopa, mama?" aliuliza binti.

Mama Uji aliipima ile hofu kama anavyopima unga, kwa makini, asizidishe wala asipunguze.

"Siku nyingine huwa naogopa sana," alisema. "Leo bado. Twende tukanunue nyuzi zako kabla hawajafunga."